Kutoka 125 hadi 150: Piga hesabu yote kabla hujaongeza injini ya boda yako

Ukiwa mwanaboda wa Sosiot, mlima unaujua vizuri. Abiria mmoja na gunia la mahindi, kona moja ya kupanda kuelekea Kabianga, na pikipiki inaanza kulia. Unashuka gia ya tatu, halafu ya pili, na abiria anauliza kama afike kwa miguu. Jioni kwenye steji mtu anakwambia dawa ni moja tu: "Weka bloki ya 150, utasahau milima."

Je, ni kweli? Na inagharimu pesa ngapi kwa jumla, mbali na ile bei ya kwanza ambayo fundi anakutajia? Katika makala hii tumeamua kuipiga hesabu hiyo pamoja nawe, hatua kwa hatua, kisha tuone namna ya kulipa bila kupoteza pesa njiani.

Kwanza, cc ni nini hasa?

Cc ni ukubwa wa nafasi ambayo pistoni inapitia ndani ya silinda. Silinda ikiwa pana zaidi, au pistoni ikisafiri mbali zaidi, injini inavuta hewa na mafuta mengi kila mzunguko, na nguvu inaongezeka.

Chukua injini ya aina ya CG125, ambayo asili yake ni Honda na leo inatengenezwa na kampuni nyingi za Uchina. Iko kwenye pikipiki nyingi sana za boda nchini Kenya. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Ukizidisha unapata takriban cc 124. Ndugu yake CG150 ina safari ile ile ya milimita 49.5, lakini silinda yake ni milimita 62. Hapo unapata takriban cc 149. Ndiyo maana mafundi wengi wanasema kazi ni "kubadilisha bloki na pistoni tu". Krenki inabaki ile ile.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanachanganya. Silinda ikichakaa, fundi wa mashine anaichonga kidogo na kuweka pistoni ya saizi ya juu: 0.25, 0.50, 0.75 au milimita 1 kamili. Huo ni ukarabati. Hata ukiweka pistoni ya milimita 1 zaidi, CG125 yako inafika takriban cc 128 tu. Ukiambiwa kwamba kuchongewa silinda kumekuongezea injini, jua umelipia matengenezo. Pengine yalihitajika kweli, lakini hujanunua 150.

Kwa nini pikipiki inachoka zaidi huku kwetu

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Belgut haviko mbali na kiwango hicho. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,000 hewa inayoingia kwenye silinda imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa.

Maana yake ni nini? Injini yako ya 125 ikiwa Kericho inapumua kama injini ya 100 iliyo pwani. Ukinunua 150 na kuileta huku, inapumua kama 125 ya Mombasa. Kwa hivyo unayemsikia akilalamika kwamba pikipiki yake "haina nguvu kama ilivyoandikwa" hasemi uongo.

Lakini hewa nyepesi inaleta shida nyingine ambayo haihitaji bloki mpya. Kabureta iliyopimwa kwa maeneo ya chini inaleta mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, moshi unakuwa mweusi, petroli inaisha haraka, na nguvu inapungua. Fungua plagi yako uitazame. Ikiwa nyeusi na kavu kama makaa, anza na kabureta: isafishwe, isawazishwe, na ikibidi jeti ibadilishwe iwe ndogo kidogo. Angalia pia chujio la hewa. Vumbi la barabara za murram linaweza kuliziba kabisa, na injini ikakosa pumzi hata ingekuwa ya 200.

Njia tatu za kupata nguvu, kuanzia ya bei nafuu

*1. Sproketi.* Tuseme pikipiki yako ina meno 14 mbele na 38 nyuma. Ukibadilisha ya nyuma ukaweka ya meno 42, nguvu inayofika kwenye tairi katika kila gia inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Ukitoka 125 kwenda 150, injini inaongezeka kwa takriban asilimia 20. Kwa maneno mengine, sproketi inakupa karibu nusu ya faida ya mlimani, na huwa unaibadilisha tu cheni ikichakaa. Hasara yake ni kwamba kwenye barabara tambarare injini itapiga kelele zaidi kwa mwendo ule ule. Kama kazi yako kubwa ni kupeleka watu Kisumu kupitia lami, itakusumbua. Kama ni milima ya hapa Sosiot, huenda usijali.

*2. Bloki na pistoni ya 150.* Hii ndiyo kazi inayozungumzwa sana, na ndiyo tutaipigia hesabu hapa chini.

*3. Injini nzima.* Unatoa injini ya zamani na kuweka ya 150 au hata ya 200. Nguvu utaipata. Lakini nambari ya injini inabadilika, na hapo unaingia katika mambo ya NTSA na stakabadhi za mahali injini ilikotoka. Injini ya bei ya chini isiyo na risiti inaweza kuwa ya pikipiki iliyoibiwa, na wewe ndiye utakayepatikana nayo.

Hesabu ya bloki: bei ya fundi na bei kamili

Nambari hizi ni za mfano. Bei hutofautiana kati ya duka na duka, na kati ya spea halisi na ya kuiga. Chukua kalamu, weka bei ulizopewa wewe.

- Bloki, pistoni na ringi: 6,000
- Kuchonga mdomo wa kasha la injini ili bloki pana iingie: 1,500
- Gasketi na oili: 1,000
- Kabureta au jeti inayofaa: 2,500
- Sahani na springi za klachi: 1,200
- Leba: 2,500

Jumla ni shilingi 14,700. Mara nyingi kwenye steji utatajiwa ile 6,000 pekee, au 8,500 pamoja na leba. Vitu vingine vinajitokeza injini ikiwa tayari imefunguliwa na huwezi kurudi nyuma.

Kwa nini vitu hivyo vinahitajika? Silinda ya 150 ni nene kuliko tundu la kasha la 125, kwa hivyo mara nyingi kasha lazima lichongwe, na hiyo ni kazi ya mashine. Ikifanywa kwa tupa chini ya mti, vumbi la chuma linabaki ndani na kula bearingi. Klachi ya 125 ikipewa nguvu zaidi huanza kuteleza. Na ukiacha kichwa kile kile cha 125 juu ya pistoni pana yenye umbo lile lile, mgandamizo unapanda: uwiano wa 9 kwa 1 unapita 10 kwa 1. Injini inapata joto, inagonga mlimani, na gasketi ya kichwa inaweza kuungua. Muulize fundi wako mapema: "Kichwa nacho utafanyaje?" Akisema hakuna haja hata ya kukiangalia, tafuta maoni ya fundi mwingine.

Sasa ongeza vitu ambavyo fundi hawezi kukutajia kwa sababu havimhusu.

*Siku za kukaa.* Tuseme kazi inachukua siku 4 ukihesabu na kungoja spea kutoka Kericho mjini. Kama faida yako kwa siku baada ya mafuta ni 700, umepoteza 2,800. Sasa tuko 17,500.

*Oili ya pili.* Injini mpya inaachilia chembe za chuma. Baada ya takriban kilomita 500 inafaa umwage oili na kuweka nyingine. Weka 600. Tumefika 18,100.

*Mafuta ya kila siku.* Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kimya kimya. Tuseme unaendesha kilomita 100 kwa siku. Zamani ulipata kilomita 45 kwa lita, sasa unapata 38. Ulitumia lita 2.2, sasa ni lita 2.6. Petroli ikiwa shilingi 185, nyongeza ni karibu shilingi 76 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni karibu 1,970 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 23,600.

Soma tena hapo. Katika mfano huu mafuta ya ziada ya mwaka mmoja yanazidi kazi yote ya injini. Na EPRA hutangaza bei mpya za petroli tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo hesabu hii inaweza kupanda au kushuka bila wewe kugusa pikipiki.

Swali moja la kujiuliza

Ukitaka kurudisha ile 18,100 kwa miezi sita, yaani siku 156 za kazi, unahitaji shilingi 116 kila siku. Jumlisha 76 za mafuta. Ni shilingi 192 za ziada kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, bila kukosa.

Kama safari ya kawaida ni shilingi 100, hizo ni safari mbili zaidi kwa siku. Basi swali ni hili: *leo ulikataa au kupoteza safari mbili kwa sababu pikipiki haingepanda?* Si kwa sababu ya mvua wala kwa sababu foleni ya steji ilikuwa ndefu. Kwa sababu ya injini tu.

Usijibu kwa kukisia. Kwa wiki mbili, kila ukikosa safari kwa sababu ya mlima au mzigo, andika kwenye daftari au kwenye simu. Mwisho wa wiki mbili utakuwa na siku 12. Ukipata safari 24 au zaidi zilizopotea, bloki ya 150 ina maana. Ukipata tano au sita, sproketi na kabureta safi zitakutosha, na zile elfu kumi na kitu zibaki zako.

Kumbuka pia kwamba msimu wa mvua ndefu shida kubwa mara nyingi ni tope. Tairi likiwa kipara, injini kubwa italizungusha tu mahali pamoja. Tairi jipya lenye meno ni bei ndogo kuliko bloki.

Pikipiki ikiwa ya mkopo, au bima ikiwa hai

Kama bado unailipa pikipiki kwa mkopo, soma mkataba kabla ya kugusa injini. Kwa kawaida mkopeshaji ana haki juu ya chombo hadi ulipe shilingi ya mwisho, na mikataba mingi inakataza kukibadilisha bila ruhusa. Omba ruhusa kwa maandishi. Ujumbe mfupi uliojibiwa ni bora kuliko maneno ya kwenye simu.

Logibuku inaonyesha nambari ya injini na cc. Ukibadilisha bloki, nambari ya injini inabaki kwa sababu imechorwa kwenye kasha, lakini cc hazilingani tena na karatasi. Ukibadilisha injini nzima, vyote viwili havilingani. NTSA ina utaratibu wa kubadilisha maelezo ya chombo, na stakabadhi za ununuzi zinahitajika. Uliza gharama na muda wake kabla, uviweke kwenye bajeti.

Bima nayo isisahaulike. Bima ya kulipia madhara ya mtu mwingine ni lazima kisheria. Kampuni ya bima ilikubali kukukinga kwa maelezo uliyotoa. Ukipata ajali na chombo kikapatikana tofauti na kilichoandikwa, mabishano ya madai yanaweza kukugharimu kuliko injini kumi. Mpigie wakala wako.

Na breki? Zimebaki zile zile. Nguvu ya kupanda inakuja na mwendo wa kushuka, na huku kwetu kila mlima una mteremko wake. Sheria bado inasema abiria mmoja, na kofia ya kinga kwa wote wawili. Injini kubwa haikupi ruhusa ya kubeba watatu.

Namna ya kulipa bila kujuta

Ukiwa umeamua, linda pesa zako hivi:

- Tenganisha spea na leba. Spea lipa wewe mwenyewe dukani, kwa nambari ya till ya duka. Utapata ujumbe wa uthibitisho wenye tarehe, kiasi na jina la duka. Ukigundua ni spea ya kuiga, una ushahidi wa pale uliponunua. Leba mlipe fundi.
- Usilipe leba yote mwanzoni. Mkubaliane kianzio kidogo, na salio baada ya kuijaribu pikipiki mlimani ukiwa na mzigo. Kuijaribu kwenye uwanja wa sokoni hakutoshi.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina lisipofanana na la duka au la fundi unayemjua, simamisha hapo hapo. Kosa la tarakimu moja linaweza kupeleka pesa kwa mtu mwingine.
- Hesabu ada. Ukimtumia fundi pesa mara sita kidogo kidogo, utakatwa ada mara sita, na yeye atakatwa akitoa. Mkubaliane nani anabeba ada ya kutoa. Tangu Julai 2023 ushuru wa serikali kwenye ada za kutuma pesa ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Ushuru huo unatozwa ile ada tu, hautozwi kiasi unachotuma.
- Weka jumbe zote. Usizifute hadi miezi sita ipite. Au omba taarifa ya akaunti ya mwezi huo na uihifadhi pamoja na nakala ya logibuku.
- Jihadhari na "nimekutumia kwa makosa". Mtu akipiga simu akidai umepokea pesa zake za spea, angalia salio lako kwanza. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote, lakini salio haliwezi kudanganywa. Pesa zikiwa zimeingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja zirudishwe kwa njia rasmi. Na PIN yako hatutaiomba kwa simu hata siku moja.

Mkopo wa simu? Fikiria mara mbili

Kazi hii inajirudisha kwa miezi sita ikiwa mambo yameenda sawa. Mkopo wa simu wa siku 30 unataka pesa zirudi kwa mwezi mmoja. Haviendani. Tuseme umekopa 18,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni 1,440. Ukishindwa na kuusogeza mbele kwa miezi sita umelipa 8,640 za ada tupu, na 18,000 yenyewe bado unadaiwa. Kama ni lazima ukope, uliza sacco au chama chako kwanza. Ukienda kwa mkopeshaji wa mtandaoni, hakikisha ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za wakopeshaji hao zilianza kutumika mwaka 2022.

Njia iliyo salama ni kuweka akiba. Shilingi 100 kila siku ya kazi ni 2,600 kwa mwezi. Kwa miezi saba una 18,200, na hukudaiwa na mtu. Iweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa hadi tarehe uliyochagua, isikae pamoja na pesa ya mafuta na unga.

Chagua wakati wake

Watu wa majani wanajua kalenda. Majani chai hupungua wakati wa kiangazi mwanzoni mwa mwaka na wakati wa baridi ya Julai. Bonasi ya wakulima wadogo huingia kwenye Oktoba, na hapo kila mtu anasafiri, ananunua mabati, analipa karo. Siku 4 za kukaa gereji mwezi Julai zitakugharimu kidogo. Siku hizo hizo mwezi Oktoba zitakuuma. Anza akiba Desemba, fanya kazi Julai, na Oktoba ikufikie pikipiki ikiwa imeshazoea injini yake na oili ya pili imewekwa.

Kwa sasa fanya mambo mawili ambayo hayana gharama. Fungua plagi yako kesho asubuhi uitazame rangi, na uanze kuandika safari unazopoteza. Baada ya wiki mbili daftari lako litakuwa na jibu, na ukienda kwa fundi utakuwa unajua unachokitaka.